Siku Niliyompokea Kocha Begi Lake

Shajara yangu naiandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: mdogo wangu hawezi kuisoma. Amezaliwa hapa hapa Birmingham. Mama akimsemesha anaelewa karibu kila kitu na anajibu kwa Kiingereza, lakini ukimwekea ukurasa wa Kiswahili mbele yake anaona herufi tu. Mimi nilikuja nikiwa nimeshasoma Tanga mpaka darasa la nne, kwa hiyo lugha ilikuwa imeshakaa. Haya ninayoyaandika nimeyatoa kwenye shajara ya mwaka jana, nikayanyoosha kidogo. Majina nimeyaondoa. Watu wenyewe wapo, tunakutana kwenye basi.

Chuo chetu ni cha kidato cha tano na sita, kwa hesabu za nyumbani. Nilikuwa kwenye timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Nilichokipenda kwenye basketi si ushindi, maana hatukuwa nao. Nilipenda kwamba mle ndani hakuna anayekuuliza mbona kimya. Darasani mwalimu anainamisha kichwa na kusema angependa kusikia na kutoka kwangu. Nyumbani wageni wakija mama ananisukuma sebuleni nikasalimie, kisha ananilaumu kwamba nimesalimia kama mtu anayeomba radhi. Kwenye basketi unakimbia, unapokea, unatoa pasi, unarudi. Basi. Saa nzima inapita na hujatoa neno, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwanzoni mwa muhula kocha wetu aliondoka. Alipata chuo kingine chenye ukumbi mpya, na wachezaji wetu wawili wazuri wakamfuata. Hatukumlaumu sana. Kapteni ndiye aliyemlaumu, kwa niaba yetu wote. Kapteni wetu ni msichana mrefu, wazazi wake wametoka Pakistani, wanakaa Saltley mitaa miwili kutoka kwetu, na mdomo wake haufungwi hata akilala. Mdogo wake ameshathibitisha. Baada ya kocha kuondoka tulikuwa tunasimamiwa na mwalimu wa mazoezi ya viungo, ambaye alikaa kwenye benchi akiangalia simu na kupuliza filimbi pale alipokumbuka.

Tulifungwa. Tulifungwa nyumbani na ugenini. Mechi moja, upande wa pili wa jiji, wenyeji walizima ubao wa matokeo. Huku kuna ustaarabu huo: timu ikizidiwa kupita kiasi, wenye ukumbi wanazima ubao ili msiendelee kuiona aibu yenu kwa taa nyekundu. Wanafanya kwa nia njema. Kapteni alikwenda mezani kuwaambia wauwashe.

“Umeharibika,” wakamwambia.

“Umeharibika sasa hivi?”

“Sasa hivi.”

Akarudi uwanjani anatabasamu kwa hasira. Mimi nilishukuru. Bila ule ubao nilicheza vizuri zaidi.

Wiki iliyofuata mkuu wa michezo wa chuo alituita. Ni mama wa Kizungu mwenye funguo nyingi shingoni, mpole, na upole wake ni wa daktari anayekuja na majibu ya vipimo. Alisema ukumbi wetu unatakiwa na watu wa kriketi ya ndani. Wao wanashinda. Sisi hatuna kocha, hatuna matokeo, na wasichana wanazidi kupungua. Kama hatapatikana kocha mkuu wa kueleweka kabla ya likizo ya katikati ya muhula, basketi itafungwa, ya wasichana na ya wavulana pia. Nikawaza kwamba nitalazimika kutafuta mahali pengine pa kunyamaza, na sikujua ni wapi. Maktaba wanakusemesha.

Nafasi ikatangazwa. Waombaji walikuwa wachache, wakabaki wawili.

Huku mtu akiomba kazi ya kufundisha, wanafunzi nao wanamhoji. Nilipomweleza mama alidhani namtania. “Mtoto anamhoji mtu mzima? Anamuuliza nini?” Lakini ndivyo ilivyo. Wanaweka wanafunzi watatu mezani, wanawapa maswali yaliyoandikwa, wanasikilizwa. Walimchagua kapteni, wakamchagua kijana mmoja wa timu ya wavulana ambaye hajawahi kubishana na mtu, halafu mkuu wa michezo akasema tunahitaji pia sauti ya wale wasiosema sana. Akaniangalia. Wote wakaniangalia. Nikakubali kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

Kanuni alitupa mapema. Kila mwombaji aulizwe maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Asisaidiwe mmoja mwingine akaachwa. Tusioneshe usoni kama tunapenda au hatupendi. Hilo la uso halikunipa shida.

Wa kwanza alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, trakisuti mpya, ananukia vizuri. Alikuja na begi kubwa begani, kompyuta kwapani, kikombe cha kahawa mkononi, akapambana na mlango. Aliusukuma kwa nyonga, ukamrudia, akausukuma tena. Sisi tumekaa tunamtazama. Mimi nilikuwa karibu kabisa na mlango na sikunyanyuka. Kanuni ni kanuni.

Alijibu vizuri. Alikuwa na picha za kuonesha ukutani, mishale inakwenda huku na huku. Tulipomuuliza mafanikio anayojivunia, aliyataja mpaka kijana wa timu ya wavulana akaacha kuandika. Kila swali alilisifu kabla ya kulijibu.

Akatoka. Tukakaa. Kisha mlango, ambao ulikuwa wazi, ukagongwa kidogo, na nikasikia mtu anasema, si kwa sauti, kama anajisemea mwenyewe:

“Hodi.”

Mwili wangu ulisimama kabla yangu. Sina namna nyingine ya kulieleza. Mlangoni alisimama mwanamume wa umri wa baba yangu, koti la suti na raba za michezo, begi la mazoezi mkononi, begi la zamani ambalo zipu yake imefungwa kwa kipande cha kamba ya kiatu.

“Karibu,” nikasema. “Shikamoo.”

“Marahaba, binti,” akasema, kwa mshangao.

Na mikono yangu ilikuwa imeshafika kwenye begi. Nikampokea, kama ninavyopokea mzigo wa kila mtu mzima anayeingia nyumbani kwetu tangu nilipoweza kubeba kitu. Naye akaliachia, kama wanavyoachia watu wazima wote. Nikalibeba mpaka kwenye kiti chake, nikaliweka chini polepole, nikarudi mahali pangu. Ndipo nikaona nyuso.

“Mnajuana,” mkuu wa michezo akasema. Hakuuliza.

Nikatikisa kichwa. Yule baba akasema kwa Kiingereza kwamba hapana, hajawahi kuniona, ila ndivyo vijana wa kwao wanavyolelewa. Mkuu wa michezo akasema ni jambo zuri sana. Aliposema zuri sana nikajua limeharibika.

Chini ya meza kapteni alinikanyaga mguu. “Kwa nini hukusema ni anko wako?” akaninong’oneza.

“Si anko wangu.”

“Umembebea begi!”

“Ni mkubwa.”

“Mimi pia ni mkubwa wako. Mwaka mzima unaniona na mfuko wa mipira mgongoni kama konokono, hujawahi kunipokea hata siku moja.”

Tukamuuliza yale yale. Alikuwa anaendesha basi dogo la kupeleka watoto shule, na Jumamosi anafundisha basketi kwenye ukumbi wa kanisa kule Stechford. Zamani alicheza na kufundisha Mwanza. Kwenye swali la mafanikio alifikiri kidogo.

“Wale watoto wa Jumamosi walikuja hawajui,” akasema. “Sasa wanajua kidogo.”

Mkuu wa michezo akasubiri, kalamu juu. Kapteni naye akasubiri. Hakukuwa na kingine. Mimi nilielewa, maana kwetu mtu hajisifu mbele ya wageni, anaacha nafasi, na aliye pembeni ndiye anayesema, “Huyu bwana anajishusha, huyu ni hodari.” Aliacha ile nafasi makusudi kabisa, akakaa anaiangalia. Pembeni yake hapakuwa na mtu.

Baada ya maswali kila mmoja alipewa nusu saa ya kutufundisha ukumbini, timu nzima.

Kijana wa trakisuti aliweka muziki. Tulicheza michezo ya kukimbizana, tukarusha, tukacheka. Alinipigia makofi na kuniambia anapenda sana nguvu zangu. Nilikuwa nimesimama tu. Nilimpenda hapo hapo. Nilimwona jinsi atakavyokuwa mwaka mzima: atasifu, atapita, ataniacha pembeni na amani yangu.

Yule baba alikusanya mipira yote akaiweka nyuma ya benchi. Wasichana wakaguna. Akasema leo tutalinda, na tutalinda kwa mdomo. Kila mmoja aseme yuko wapi na anamkaba nani, kwa sauti, muda wote. Anayenyamaza, tunaanza upya wote.

Tulianza. Ikafika zamu yangu, nikakimbia nilipotakiwa kukimbia, nikamkaba niliyetakiwa kumkaba. Akapuliza filimbi.

“Namba saba. Sijakusikia.”

Tukaanza upya. Nikasema. Akapuliza.

“Namba saba. Mwenzako aliyekupa mgongo amesikia?”

“Hapana!” akajibu aliyenipa mgongo.

Upya. Hakunisemesha Kiswahili hata neno moja, na jicho lake halikukaa kwangu zaidi ya kwa wengine. Ningependa kusema alinionea. Hakunionea, alikuwa anapuliza kwa kila aliyenyamaza, ila wengine walikuwa hawanyamazi. Mara ya mwisho nilisema kwa sauti iliyotoka kama ya mlango unaolia. Akaitikia kwa kichwa kidogo, nusu ndiyo, akaendelea na wengine. Jasho lilinitoka kwa kusema, si kwa kukimbia. Nikaamua.

Niliamua kwamba nitamchagua kijana wa trakisuti.

Tukarudi kwenye chumba kile kile, sisi watatu na mkuu wa michezo. Akatuambia ukweli: yeye na wenzake wa utawala wameshindwa kuwatenganisha hawa wawili. Mmoja anajieleza vizuri, mwingine amefundisha miaka mingi. Kwa hiyo watafuata neno letu.

“Yule baba,” kapteni akasema kabla hajamaliza.

“Mimi yule wa kwanza,” akasema kijana wa timu ya wavulana. “Alikuwa na muziki.”

Nikafungua mdomo. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: niliufungua, na jina la yule wa trakisuti lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mkuu wa michezo akaniwekea kiganja hewani, taratibu.

“Wewe pumzika, mpenzi,” akasema. “Si kosa lako. Lakini kwa haki, tutawasikiliza hawa wawili. Nadhani sote tunajua ungesema nani.”

Kapteni akaniangalia kwa huruma. Nikaufunga mdomo. Ningeweza kusema hapana, hamjui. Sentensi yenyewe ni fupi. Lakini ili niiseme ningelazimika kueleza kwa nini, na mbele ya watu watatu nieleze kwamba simtaki kocha mzuri kwa sababu ananisemesha. Nikaangalia dirisha. Nje basi lilikuwa limesimama, dereva anakunywa chai.

“Alitusifia,” kapteni alikuwa anamwambia yule kijana. “Yule wako. Tunafungwa kila mechi, wanatuzimia ubao, yeye anatusifia. Anasifia nini? Eti? Nitajie kimoja.”

“Alikuwa anawapa moyo.”

“Moyo ninao. Nataka mtu wa kutuambia tumekosea wapi.”

“Sawa,” kijana akasema. “Sawa, yule mzee.” Nimeshasema hajawahi kubishana na mtu.

Hivyo ndivyo kocha mkuu alivyopatikana, na kriketi ikabaki ilipokuwa.

Sikudhani kutakuwa na zaidi. Lakini Watanzania wa Birmingham si wengi kiasi hicho, na Jumamosi moja kulikuwa na harusi kwenye ukumbi karibu na Alum Rock Road. Nilikuwa natandaza mikeka pale mama mmoja mnene, mchangamfu, alipomshika mama yangu mikono yote miwili. Alikuwa mke wa kocha.

“Ndiye huyu?” akasema. “Ndiye huyu binti aliyetubeba? Mume wangu kanisimulia alivyompokea mbele ya wale wazungu. Nikasema huyo kalelewa. Bwana wangu ameomba kazi za kufundisha mara ngapi, dada yangu, wanamrudishia barua ya asante tu. Safari hii kakuta mtu wa kumsemea.”

“Ah, wajibu wake,” mama akasema, na shingo yake ikarefuka.

“Wewe unasema wajibu. Wangapi huku wanakuona wanageuza uso?”

Mama alinitafutia nyama yenye mafuta, ile anayowawekea wageni, akanijazia sahani mwenyewe. Kwenye gari akasema, “Kumbe huko chuoni una kauli. Hapa nyumbani kukuuliza umekula ni kesi.” Mdogo wangu akauliza kwa Kiingereza kauli ni nini. Mama akamwambia ni kitu ambacho dada yako anakificha. Mimi nilikuwa nimeshiba na nikaangalia nje.

Kocha alianza kazi. Mazoezi yalikuwa yale yale ya nusu saa ya kwanza, yakiendelea kwa miezi. Uwanjani alisema Kiingereza na sote, mlangoni alinisemesha Kiswahili, na mpaka wa lugha ulikuwa ule mstari mweupe. Wiki za mwanzo nilikuwa natafuta sababu za kutokwenda. Nilijisingizia kichwa, nikajisingizia mtihani. Kisha kapteni anapita kunigongea na tunakwenda. Tuliendelea kufungwa, ila kwa namna nyingine. Tulirudi kwa wale waliotuzimia ubao, tukafungwa tena, na ubao ukawaka mpaka mwisho. Kapteni aliupiga picha. Watu wa pale walidhani amekosea, maana matokeo yalikuwa yanaonekana wazi.

Mwisho wa msimu mkuu wa michezo alikuja na funguo zake, akasema ukumbi utabaki wetu mwaka mmoja zaidi. Alisema kwa upole ule ule, nikagundua kwamba hana sauti nyingine.

Siku hiyo baada ya mazoezi nilibaki kuokota mipira na kocha alikuwa anafunga begi lake, anahangaika na ile kamba ya kiatu. Tulikuwa upande wa mlango, upande wa Kiswahili.

“Kocha,” nikasema. “Mimi sikukuchagua.”

“Najua.”

“Nani kakuambia?”

“Uso wako. Ulinipokea begi na adabu zote, nusu saa baadaye ulikuwa unaniangalia kama nimekuibia viatu.” Akavuta kamba. “Yule kijana ulimpendea nini?”

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba yule angeniacha. Kwamba kila mahali watu wananitaka niseme, na hapa palikuwa mahali pekee ambapo hawakunitaka, halafu akaja yeye. Ilikuwa ndefu kuliko yote niliyowahi kumwambia, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida, niliisikia.

Hakunipa wosia. Alifikiri kidogo, kama siku ile alipoulizwa mafanikio.

“Mbona hukuwaambia?” akauliza.

“Walinikataza.”

“Wakakukataza, ukanyamaza, nikapata kazi.”

“Ndiyo.”

“Mke wangu anaamini ulinipigania. Kila akipika chapati anasema nikuletee. Nimwambie?”

Nikafikiria zile chapati. “Usimwambie,” nikasema.

“Haya.” Akanyanyua begi mwenyewe, akauona mkono wangu umeshanyooka kulipokea, akalisogeza upande wa pili. “Hili liache. Hili watu wanaliangalia.” Akatoka kwenda kuegesha lile basi dogo karibu na ngazi, maana ndilo linalotupeleka mechi na kuturudisha nyumbani siku hizi.

Wenzangu walikuwa wameshafika mwisho wa korido. Kapteni aligeuka, mikono mdomoni kama kipaza sauti.

“Wewe! Anko wako anawasha gari!”

“Si anko wangu!” nikasema.

Nilisema kwa sauti hivi kwamba korido nzima iligeuka. Msafishaji alitoa spika za simu masikioni. Wasichana wawili wa kriketi walisimama na magongo yao. Mlango wa nje ulikuwa wazi, na kutoka kwenye ngazi, kwa Kiingereza, sauti ya kocha ikarudi:

“Namba saba! Hiyo. Jumatano niletee hiyo hiyo.”

Kapteni alikuwa anacheka ameegemea ukuta. Nikaurusha mfuko wa mipira begani, nikapita mbele yake, na sikumpa aubebe.